FUNDI ANAJIBU: Deki ya zamani, kompyuta ya zamani na kanda ya harusi

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia sehemu moja, watu wana kanda za video ndani, deki bado inawaka, na kuna kompyuta ya siku nyingi imekaa pembeni, wanataka kuhamisha. Nimefurahi mno mana hizi kanda zinaisha jamani. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kinatengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, kiliacha hiyo kazi Julai 2016, kwaiyo deki uliyonayo ndo hiyo hiyo itunze, na kanda nayo kila ikipita kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, inachakaa kidogo. Nimechagua barua saba. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sababu humo ndani kuna majibu ya wengine wengi.

Shikamoo fundi. Naandika kutoka Tanga. Mama ana kanda ya harusi yake ya 1995, baba alishatangulia mbele ya haki na sauti yake haipo popote zaidi ya humo. Deki inacheza vizuri kwenye tivii. Kompyuta yangu ni ya mezani, Pentium 4, Windows XP, RAM GB 1, hadi disku GB 80. Nimenunua kiwaya cha kuunganisha zile pini tatu za rangi na tundu la monita nyuma ya kompyuta, hakuna picha. Nikajaribu lile tundu la duara lenye vitundu vinne kwenye kadi ya grafiksi, hakuna kitu pia. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu baba.

Matundu yote mawili uliyojaribu kazi yake ni kutoa picha kwenye kompyuta kupeleka nje, hayapokei. La monita linatoa tu. Lile la duara ni S-Video, na kwenye kadi nyingi za miaka ile liliwekwa ili uangalie kompyuta yako kwenye tivii, kadi chache sana zilikuwa zinapokea pia. Hata wenye laptop za sasa hivi wanafanya kosa hilo hilo na HDMI, anachomeka anasubiri picha, haiji. Kile kiwaya ulichouziwa usikitupie lawama, hakina uwezo huo, ni waya tu. Deki inatoa picha kama mawimbi ya umeme na kompyuta inataka namba, lazima pawe na kifaa katikati kinachogeuza mawimbi kuwa namba, bila hicho hata ubadilishe waya mara mia ni bure.

Kwa kompyuta yako una njia mbili. Ya kwanza ni kile kifaa kidogo cha USB chenye mkia wa pini za rangi, madukani wengi wanakiita Easycap hata kama hakijaandikwa hivo, Kariakoo kipo na kwa ndugu zetu wa Nairobi ukienda Luthuli Avenue hukosi. Sasa sikiliza vizuri hapa mana ndo watu wanapopoteza hela. Vifaa hivi kwa nje vinafanana kama mapacha, ila ndani chipu ni tofauti tofauti, na draiva, yani programu ya kuifanya kompyuta ikijue kifaa, ya hiki haifanyi kazi kwenye kile, kwaiyo kile kisidii kinachokuja kwenye boksi usikitupe na usikubali kuuziwa kifaa bila sidii ukaambiwa utadaunlodi, utazunguka wiki nzima. Muulize muuzaji kabisa kama kinakubali Windows XP. Na jambo lingine, kompyuta iwe na USB 2.0. USB ya zamani ile 1.1 inapitisha megabiti 12 kwa sekunde, 2.0 inapitisha 480, na picha ya video kwenye 1.1 haipiti, itakatikakatika tu. Pentium 4 nyingi wanayo 2.0 ila sio zote, fungua Device Manager nenda kwenye orodha ya USB ukiona neno Enhanced basi unayo. Alafu chomeka nyuma ya kompyuta moja kwa moja, sio kwenye yale matundu ya mbele na sio kwenye hab, kile kigawanyio cha USB.

Njia ya pili ni tivii kadi ya PCI, ile ya kufungua kompyuta unaipachika ndani. Zilikuwa nyingi sana miaka ya 2000 na mafundi wengi wanazo zimelala kwenye makopo hawazitumii. Kwa kompyuta ya umri wa yako mi naipenda hii zaidi, mana haitegemei USB na kompyuta haichoki sana. Ila ujue kadi nyingi za hivi zinachukua picha tu, sauti inabidi uipeleke mwenyewe, yani pini ya njano inaenda kwenye kadi, pini nyeupe na nyekundu zinaenda kwenye kiwaya chenye kichwa kama cha earphone unachomeka kwenye tundu la BLUU nyuma ya kompyuta. Sio la pinki. La pinki ni la maiki, ukiweka pale sauti itakuja inakwaruza na imepasuka na huwezi kuirekebisha baadae. Deki yako kama ina pini moja tu ya sauti, nyeupe, usishtuke, ni deki ya mono, itumie hiyo hiyo.

Nimekazia sauti kwa sababu maalum. Mwaka fulani nilirekodi kanda ya maulidi nyumbani kwetu, masaa matatu, picha nzuri kabisa, nimekaa nimeitazama kwenye monita na spika ya tivii inatoa sauti, mi najua kila kitu kipo sawa. Kumbe ile sauti ilikuwa inatoka kwenye tivii, kwenye kompyuta Line In ilikuwa imewekewa tiki ya Mute. Nimemaliza, nimefungua faili, watu wanafungua midomo hakuna kinachosikika. Nikairudisha kanda kuanza upya na safari hiyo deki ikaitafuna, dakika kama ishirini za katikati zikaenda, na ndani ya hizo dakika ndo bibi yangu alikuwa anasoma. Sijaipata tena. Kwaiyo nakuomba, rekodi dakika mbili tu, simamisha, fungua faili, zima tivii kabisa, vaa earphone usikilize. Ukisikia sauti ndo uanze.

Na kabla ya hiyo kanda ya mama kuingia kwenye deki chukua kanda nyingine isiyo na thamani, ya mpira au ya filamu iliyochakaa, ufanyie nayo majaribio yote mpaka umezoea. Kanda ya mama iingie mara moja tu ukiwa tayari. Ila kwanza ikague. Ishike mkononi, pembeni kuna kidude kidogo cha kubonyeza, kibonyeze kile kifuniko cha mbele kitanyanyuka utaona utepe wenyewe, uwe mweusi unang'aa. Ukiwa umekunjamana pembeni kama ukingo wa leso iliyofuliwa vibaya, simama hapo hapo umpe fundi anyooshe kwanza. Sauti ya kanda nyingi za harusi imeandikwa pembeni kabisa mwa utepe, ule mstari ni mwembamba mno, kwaiyo pembeni pakiumia picha inaweza kubaki safi na sauti ikaondoka. Ukiona ipo sawa ipeleke mbele mpaka mwisho alafu irudishe nyuma yote, ilishalala miaka, inasaidia kuachana.

Usisahau pia kuvunja kile kipande cha plastiki mgongoni mwa kanda kama bado kipo. Kikiwepo, kidole kikikosea ukabonyeza REC unafuta harusi. Kikivunjwa deki inakataa kurekodi juu yake.

Tuje kwenye programu. Kile kifaa kitakuja na programu yake ya kurekodi, itumie kama inafanya kazi, ikikataa kuna VirtualDub, ya bure, nyepesi sana na inakubali XP. Ukifungua kwanza utakuta picha imekuja nyeusi na nyeupe au inakimbia juu chini, usiguse waya, nenda kwenye mipangilio ya video utakuta imewekwa NTSC, badilisha iwe PAL, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya picha za tivii na sisi huku deki zetu ni za PAL. Alafu chagua mlango wa Composite, yani ile pini ya njano, mana kadi nyingi zinaanzia kwenye Tuner au S-Video na utaona bluu tupu.

Hadi disku yako ndo inanipa mawazo. Picha ya PAL ni 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, ukiinasa bila kuibana kabisa inakula karibu GB 75 kwa saa moja, GB 80 yako yote imekwisha na harusi hata haijafika ukumbini. Wengine watakwambia utumie Huffyuv ambayo inabana bila kupoteza kitu, ni kweli ni nzuri sana ila bado itakula zaidi ya GB 30 kwa saa. Kwa hiyo disku mi nakushauri rekodi kwa MPEG-2, namna nyingine ya kubana video, weka megabiti 8 kwa sekunde, ni kama GB 3.6 kwa saa, kanda ya E-180 ya masaa matatu inakuwa kama GB 11. Hiyo programu ya kwenye sidii kwa kawaida inaweza hiyo MPEG-2. Wapo watakaosema ubora unapungua, mi nasema kanda ya VHS yenyewe haina mistari mingi hivo, na faili uliyonayo leo inazidi faili nzuri ambayo hujawahi kuirekodi kwa kusubiri disku kubwa. Ukipata hadi disku ya pili ndo utarudia kwa Huffyuv. Ila angalia disku iwe imefomatiwa kwa NTFS, ikiwa FAT32 ikifika GB 4 kurekodi kunakatika na mara nyingi hata haikuambii kwanini.

Kompyuta ikiwa inarekodi iache peke yake. Zima antivairasi, chomoa waya wa intaneti, ondoa skrini seva, usifungue muziki, usicheze karata. Kompyuta ya umri huo ukiisumbua inaruka fremu, na fremu zikirukwa sauti na midomo vinaanza kuachana, mwanzoni huoni, ikifika saa ya pili shehe anamaliza kuuliza bwana harusi ndo anafungua mdomo wakati sauti ilishapita. VirtualDub inakuonyesha idadi ya fremu zilizorukwa pale pembeni, zikiwa mbili tatu kwenye masaa matatu ni sawa, zikipanda kila dakika simamisha urekebishe.

Mwanangu fundi, mimi ni mama wa Mombasa. Mdogo wangu alioa Toronto 1999 akanitumia kanda. Kwenye deki yangu ya zamani inatoa michirizi na sauti inakwenda polepole, kwenye deki ya jirani inaonekana vizuri kwenye tivii lakini kijana wangu akiunganisha na kompyuta picha inakuwa haina rangi na inarukaruka. Kanda imeharibika?

Shikamoo mama. Haijaharibika, iweke vizuri wala usiitupe.

Enzi za kanda Canada na Marekani walikuwa wanatumia NTSC, sisi tulikuwa tunatumia PAL, mistari yao ni 525 yetu ni 625, na kasi ya picha ni tofauti. Deki yako haijui NTSC kabisa ndo mana inachanganyikiwa. Ya jirani inaijua nusu, yani inaisoma kanda alafu inatoa mchanganyiko, kasi ni ya kule rangi ni ya huku. Tivii nyingi zinakubali huo mchanganyiko bila shida ila vifaa vya kunasia kwenye kompyuta vingi vinaukataa, ukikiwekea PAL picha inaruka, ukikiwekea NTSC rangi inapotea. Kwaiyo kijana wako hajakosea kitu mama, usimkaripie.

Tafuteni deki ya multi-system ambayo nyuma au kwenye rimoti ina swichi ya kuchagua NTSC yenyewe halisi, zile nyingi zilikuja kutoka Dubai na wapo watu Mombasa wanazo bado, kisha kwenye kompyuta naye achague NTSC. Kama hakuna, mpigie mdogo wako, kule deki ya NTSC ataipata kirahisi kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, arekodi kulekule akutumie faili. Ila asikutumie deki ya kule mkaichomeka hapa ukutani, umeme wao ni volti 120 na wetu Kenya ni 240, itatoa moshi hapo hapo.

Salaam fundi, nipo Muscat. Marehemu mzee alihama Unguja na sanduku la kanda, nyingine alirekodi taarab kutoka televisheni ya Zanzibar. Juu ya utepe naona vumbi jeupe. Nataka kuziingiza kwenye laptop yangu ya zamani, nikishafuta vumbi kwa kitambaa inatosha?

Waalaikum salaam ndugu yangu. Usiiingize kwenye deki, hata moja. Hilo sio vumbi, ni ukungu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi toka 1973, huku bara tulisubiri mpaka 1994, kwaiyo kilichomo kwenye hizo kanda kinaweza kuwa hakipo sehemu nyingine, fanya taratibu sana.

Ukungu unaupata kanda zikikaa kwenye unyevu, na pwani zote mbili, ya huko na ya huku, zinaujua unyevu. Chukua tochi, angalia kwenye kile kidirisha, utaona kama vidoa vya unga au utando mfano wa pamba umekaa juu ya ule mviringo wa utepe. Ukiitia kwenye deki hivyo hivyo mambo matatu yanatokea kwa pamoja, utepe ulioshikana unachanika, hedi inaziba, na mbegu za ukungu zinabaki ndani ya deki kisha zinaingia kwenye kanda zako zilizo nzima. Nimeona sanduku zima limeharibika kwa njia hiyo.

Zitenge kwanza, zile nzima mbali na hizi. Hizi ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi, kaa nazo wiki mbili tatu, ukungu ukikauka unakuwa unga na unatoka kirahisi. Usianike juani na usitumie hea draya, utepe ni plastiki utajikunja na ukijikunja haunyooki.

Baada ya hapo kufuta. Kanda ya VHS chini ina skrubu tano, ukizifungua ganda linaachana unakuta magurudumu mawili yenye utepe. Piga picha na simu KABLA hujagusa chochote ili ujue vile vichuma vidogo na springi vinarudi wapi. Vaa barakoa, fanyia nje ya nyumba, ule unga sio mzuri kifuani. Utepe unapitishwa taratibu katikati ya kitambaa laini kisichotoa nyuzi huku mtu mwingine anazungusha gurudumu, kitambaa kikichafuka unahamia sehemu safi. Ni kazi ya saa nzima kwa kanda moja na inachosha mikono. Mi nafanya kwa kutumia deki mbovu niliyoitoa hedi, inazungusha tu utepe mimi nashika kitambaa. Ukiona huwezi mpe fundi anayejua kanda, ila mkabidhi moja moja, isiwe sanduku zima, kuna familia naifahamu walipeleka sanduku zima sehemu wakarudishiwa nusu.

Kanda ikishasafishwa irekodi siku hiyo hiyo, na hedi uisafishe kabla ya kuweka nyingine.

Fundi mambo, hiyo hedi inasafishwaje? Deki yangu inaonyesha chenga tupu ila sauti ipo. Nilinunua kanda ya kusafishia haikusaidia. Dodoma.

Poa. Sauti ipo picha hamna, hiyo ni hedi imeziba, na vumbi la Dodoma tunalijua.

Chomoa umeme kwanza, fungua kifuniko cha juu. Katikati utaona silinda ya kung'aa, imeegama kidogo, ndo ngoma yenyewe. Ikiwa inafanya kazi inazunguka mara 1500 kwa dakika, na hedi ni vile vidoti viwili au vinne vidogo mno vilivyochomoza kwenye ukingo, ukipitisha jicho karibu utaviona kama chembe ya mchanga. Chukua karatasi nyeupe safi ya kawaida au kipande cha ngozi laini ya kufutia vioo, ilowanishe na spiriti ile safi ya isopropili, iwe na asilimia kubwa, sio ile ya kidondani yenye rangi. Bandika karatasi kwenye ubavu wa ngoma uishike ITULIE hapo, kwa mkono mwingine zungusha ngoma kwa juu taratibu, mizunguko mitano sita. Utaona mstari wa kahawia umebaki kwenye karatasi. Rudia mpaka mstari usionekane.

Usipeleke karatasi juu chini, hata mara moja, hedi inakatika na ikikatika deki imekwisha. Na usitumie pamba ya masikioni, nyuzi zinanasa pale. Kile kirola cheusi cha mpira ndo unaweza kukifuta kwa pamba, kikiwa kinang'aa kama kioo ndo hicho kinachotafuna kanda za watu. Acha dakika kumi na tano ikauke ndo uwashe.

Deki yangu haina pini za rangi, ina tundu la antena tu. Naweza? Kigoma.

Unaweza, kwa tivii kadi yenye sehemu ya antena, hapo zile Easycap hazikusaidii mana hazina kipokezi cha antena. Peleka waya wa antena kutoka deki mpaka kwenye kadi, washa kanda icheze, alafu mwambie programu itafute stesheni, deki za PAL mara nyingi zipo kwenye UHF chaneli ya 36 au jirani zake. Picha itakuwa na chenga kidogo kuliko ya pini. Ukiweza kuazima deki yenye pini azima tu.

Mkuu, kuna filamu ya kununua dukani enzi hizo, nikirekodi picha inang'aa inafifia, inang'aa inafifia, mara programu inasema hairuhusiwi. Kanda zangu za nyumbani hazifanyi hivyo. Thika.

Kifaa chako ni kizima na kanda ni nzima. Kanda za filamu za kampuni kubwa kuanzia katikati ya miaka ya 80 ziliwekewa ulinzi unaoitwa Macrovision, unachanganya kipimo cha mwanga cha mashine inayorekodi, tivii haijali ila rekoda inachanganyikiwa. Hiyo ni haki ya mwenye filamu yake, mi sitaingia kwenye njia za kuukwepa, filamu nyingi za hivo zilishatoka kwenye DVD itafute. Ila ukikutana na hiyo hali kwenye kanda ya harusi au ya mahafali uliyopiga mwenyewe hapo ni kanda imechoka na kifaa kimeidhania vibaya, sogeza trakingi, kile kitufe cha deki cha kunyoosha picha, polepole mpaka itulie au jaribu deki nyingine.

Kaka fundi, nimefanikiwa kurekodi kanda zote kumi na moja za nyumbani! Maswali mawili. Chini ya picha kuna mstari unaochezacheza ambao kwenye tivii haukuwepo, na watu wakitembea pembeni yao kuna vimistari kama meno ya kitana. Na je, sasa hivi kanda nizitupe? Morogoro.

Hongera sana dada, kumi na moja sio kazi ndogo.

Ule mstari wa chini ulikuwepo siku zote, ni pale deki inapobadilisha kutoka hedi moja kwenda nyingine, tivii za kioo cha mgongo zilikuwa zinauficha nyuma ya fremu, kompyuta inaonyesha kila kitu. Uache, au uufunike na utepe mweusi kwenye programu ya kuedit. Meno ya kitana nayo ni kawaida, picha ya kanda inakuja nusu nusu, mistari ya namba witiri kwanza alafu ya namba shufwa, mara 50 kwa sekunde, kompyuta inazibandika pamoja. Ukibadilisha faili kuwa MP4 kwa HandBrake weka tiki kwenye Deinterlace, yataondoka. Ila faili la kwanza lililotoka kwenye deki usilifute, hiyo MP4 ni ya kurushiana whatsapp na shangazi, lile kubwa ndo asili, weka kopi moja kwenye eksteno na nyingine nyumba tofauti kabisa, kwa kaka au kwa wazazi.

Kanda usitupe. Zirudishe nyuma mpaka mwanzo, zisimamishe wima kama vitabu sio kuzilaza, mbali na spika kubwa na mbali na ukuta unaotoa jasho.

Alafu dada kaa na wazee mbele ya hiyo kompyuta, cheza harusi taratibu, kila uso ukipita simamisha uulize huyu nani, yule wa kilemba ni nani, pale ni nyumba ya nani, na simu iwe pembeni inarekodi wanavyojibu. Andika majina kwenye faili la maandishi, uliweke folda moja na video, na kila jina uandike na dakika anayotokea.